Vile nilifika kusikilizana na badokta ku pedyatri

Mi niko infirmye (muuguzi) A1, ni kusema nilisoma kisha sekondari, ku ISTM, shule kubwa ya mambo ya afya hapa Bukavu, natumika ku pedyatri upande wa batoto ba utapiamlo. Bastajieri (banafunzi ba kazi) banapenda kuniuliza vile mutu anafanya kama dokta ameandika kitu chenye weye unaona hakifai kwa mugonjwa. Nitasema vile mi nafanya, hospitali sitaitaja.

Kwanza hii mambo ya kugombana na badokta haitoki mu roho mubaya tu. Kwetu Kongo infirmye anaweza kukuwa titileri (mukubwa) wa sentri ya afya kule Kabare ao Walungu, dokta hakuna, ni ye mwenyewe anapima, anaandika dawa, anazalisha, anashona vidonda, kisha siku moja anahamishwa ku hospitali kubwa ya mujini anaambiwa weye kazi yako ni kufata ordi. Na ule mwenye anamuambia ni kijana ametoka juzi ku iniversite! Ku koridoo anamusalimia "jambo mama", mukifika ku kitanda anamuamuru mbele ya bagonjwa kama mutoto wa nyumbani. Sasa mama anafanya nini? Ananyamaza. Mi naona ile kunyamaza njo inaua, kuliko kelele.

Kuko siku moja usiku dokta wa gardi (zamu) aliandikia mutoto serumu, maji ya mu mushipa, mingi, ipite mbio. Mutoto wa mwaka moja na nusu, kilo 6, anahara, mukanda wa mukono ilionyesha nyekundu, ni kusema chini ya milimita 115. Kwa mutoto mwengine wa kuhara ile serumu ningeiweka bila kuuliza. Lakini utapiamlo mukali moyo inakuwa dhaifu, maji ikiingia mingi mapafu inajaa, njo maana serumu ya mu mushipa tunaiachia mwenye iko na shok, ni kusema damu haizunguki muzuri, bengine banakunywa ReSoMal, maji ya chumvi na sukari ya batoto ba utapiamlo, pole pole ao inapita ku sonda ya pua. Na huyu hakukuwa na shok, mikono ilikuwa moto, alikuwa anaangalia mama yake, anakunywa.

Sikusema kitu pale ku kitanda, mama ya mutoto iko pale na masikio. Nikamuambia "Dokta, naomba dakika moja", tukaenda kwenye tunapanga dawa. Nikasema: "Dokta, ule mutoto ni kilo 6, mukanda nyekundu, haiko na shok, anakunywa. Naogopa moyo. Naomba tuanze na ReSoMal mililita 30 kila nusu saa kwa masaa 2, mi nitahesabu pumzi na pulsi, ikipanda nakuita." Akaniangalia. "Kwani weye njo dokta?" Nikajibu, "Hapana dokta, ni weye, njo maana nakuomba uandike." Akakaa kimya kidogo, akaenda kusoma protokole yenye tulibandika ku ukuta, akarudi akafuta serumu. Hakusema aksanti, na mi sikuihitaji, nilihitaji ile karatasi ibadilike.

Mupangilio wa maneno sikuuvumbua mi. Bafaransa banaita SAED: hali ya sasa, historia ya mugonjwa, vile weye unaona, na kitu chenye unaomba. Ile Haute Autorité de Santé yao, yenye inaangalia ubora wa matunzo, iliitoa 2014, na yenyewe ilitoka ku SBAR ya Marekani, yenye ilianzia kwa basoda ba baharini, mu manowari. Mi naona nguvu yote iko ku ile D ya mwisho, demande, kuomba. Juu sisi tumezoea kuzunguka: "Dokta, mutoto haiko muzuri sana...", kisha tunangoja akisie. Kuko dokta wa akili wa Marekani, Leonard Stein, aliandika 1967 kama infirmye na dokta banacheza muchezo, infirmye anatoa shauri lakini anajifanya hajatoa, dokta anaichukua kama ni yake. Nilicheka, ni sisi kabisa! Lakini ule muchezo unataka wakati, na saa nane ya usiku wakati hakuna.

Ku servisi tuliomba kitu kimoja tu kwa mukubwa wa badokta: tur ya asubui (kuzunguka bagonjwa) ianze na infirmye mwenye alikesha na bagonjwa, aseme mbele, dokta afate. Mama mumoja wa A2 (mwenye alisomea uuguzi ku sekondari), muzee wetu, alikataa, eti ye hawezi kusomea dokta karatasi kama mutoto wa shule. Leo ukimukata maneno anakugombeza! Badokta nabo balikuwa na malalamiko yabo, na haki banayo, tulikuwa tunabaita kwa kila homa, na kutembea usiku mu Bukavu si mambo ya kuchezea. Sasa tunapima kwanza, pumzi, pulsi, saturasyo, joto, njo tunapiga simu, unite za simu zenyewe ni zetu.

Mumoja bado anakata simu. Ule tunaandika ku fishi: saa tuliyoita, namba tulizomupa, jibu lake, kisha tunaita mukubwa wake. Hatumutukani, hatumusemi ku koridoo. Siku hizi anakata kidogo, halafu anarudisha simu mwenyewe anauliza, "Mumeandika nini pale?"