Corolla AE101: kuchagua buji kwa ajili ya milima ya Bukavu

Breki zimekwisha, redieta haivuji tena, sasa nimefika kwenye mfumo wa kuwashia. Kwa ambao hawakuufuata mradi huu tangu mwanzo: gari ni Toyota Corolla AE101 ya 1994 iliyotokea Ulaya, usukani wa kushoto. Injini ni 4A-FE ya silinda nne, sentimita za ujazo 1,587. Inapata esanse (petroli) kwa injeksheni, na cheche zake bado zinagawiwa na delko. Nataka gari la kuzunguka nalo Ibanda, Kadutu na Bagira, komini tatu za Bukavu hapa mashariki mwa Kongo, bila kukwepa kilima chochote.

Na kilima ndicho kinachonisumbua. Kwenye tambarare za kuelekea Kavumu linakwenda laini kabisa, na ralanti (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) imetulia. Nikipakia watu wanne na kuanza kupanda Kadutu kwa gia ya pili, linaanza kushtuka na kukohoa, kama kwamba silinda moja inasusa kila baada ya mizunguko michache.

Dalili hiyo inajieleza. Ukikanyaga mafuta mlimani, silinda inajaa hewa zaidi na mchanganyiko unabanwa kwa nguvu kuliko injini inapozunguka bila mzigo. Cheche hupata tabu kuruka katika hewa iliyobanwa hivyo. Mgandamizo ukiongezeka, na nafasi kati ya ncha za buji (kifaa kinachorusha cheche ndani ya silinda) ikiwa imepanuka, volti zinazohitajika zinapanda. Kwa hiyo buji iliyochakaa inaweza kuwasha vizuri kutwa nzima kwenye ralanti, halafu ikashindwa palepale kilima kinapoanza. Ndiyo maana, ingawa wengi walinielekeza kwenye pampu ya esanse, nimeanza na buji (wasomaji wa Mombasa na Dar mnaziita plagi).

Kuzifungua

Nilisubiri injini ilale usiku kucha. Kulasi, yaani kichwa cha injini ambamo buji zimefungwa, ni ya alumini, na kufungua buji ikiwa bado moto ni njia ya haraka ya kung'oa meno yake ya skrubu. Katika 4A-FE buji zimekaa chini ndani ya visima, katikati ya kifuniko cha valvu, kwa hiyo kwanza nilipuliza hewa kwenye visima vyote vinne. Vumbi la barabara za mjini lilikuwa limejaa humo, na lingeingia lote kwenye silinda.

Ya kwanza, ya pili na ya nne zilitoka na pua (kauri inayoingia ndani ya silinda) ya kahawia iliyopauka. Hiyo ndiyo rangi unayoitaka: mchanganyiko ni sawa na joto la buji ni sawa. Ila ncha zake zilikuwa zimeliwa. Nafasi ilizidi milimita 1 kwa zote, hali kitabu cha injini hii kinataka 0.8.

Ya tatu ilikuwa habari nyingine. Mwili wake wa nje ulilowa mafuta ya injini, na pua yake ilikuwa nyeusi, kavu, ya masizi. Hapa inabidi kuangalia kwa makini, maana watu wengi wakiona mafuta tu wanatangaza kwamba segma (pete) za pistoni zimekufa. Mafuta yaliyotoka ndani ya silinda hulowesha pua na ncha. Mafuta yaliyo juu tu, kisimani, yametoka kwenye mipira ya kuziba mirija ya buji chini ya kifuniko cha valvu, na huo ni ugonjwa wa kawaida wa injini hii ikizeeka. Pua kavu yenye masizi inasema jambo la tatu: esanse iliingia, lakini haikuungua vizuri, kwa sababu cheche ilikuwa dhaifu au ilipotelea njiani.

Kulikuwa na kitu kingine. Buji tatu zilikuwa na namba 5, na ya tatu ilikuwa na namba 6. Aliyewahi kulitengeneza gari hili kabla yangu aliweka aliyokuwa nayo mkononi.

Namba inasema nini

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu sehemu hii ndiyo inayomwezesha mtu kununua bila kutegemea neno la muuzaji.

Kitabu cha 4A-FE kinataja mbili: Denso K16R-U na NGK BKR5EYA. Denso ilizaliwa 1949 ilipojitenga na Toyota, kwa hiyo si ajabu kuikuta katika injini hii. Ukisoma ile ya NGK: BK ni meno ya kipenyo cha milimita 14 na kichwa cha ufunguo wa 16. R ni rezista ndani ya buji, inayozuia kelele za umeme zisisumbue redio na kompyuta ya gari. 5 ni daraja la joto. E ni urefu wa meno, milimita 19. Herufi za mwisho zinaeleza umbo la ncha. Kwa Denso, K peke yake inabeba yote matatu: meno ya 14 yenye urefu wa 19 na ufunguo wa 16. 16 inayofuata ni daraja la joto, R ni ileile rezista, na U ni mfereji uliochongwa kwenye ncha ya chini. Ukikuta -11 mwishoni, nafasi imepangwa kiwandani kuwa milimita 1.1. Hiyo siyo ya kwangu.

Urefu wa meno ndio wa kuogopwa kuliko vyote. Buji ndefu kupita kiasi inaweza kugongwa na pistoni. Fupi mno inaacha meno ya kulasi wazi ndani ya silinda, yanajaa masizi, na siku utakapoleta ya urefu sahihi haitaingia. Nimeona mtu akilazimisha hivyo mpaka kulasi ikaharibika. Ni hasara kubwa kwa kosa la milimita chache.

Daraja la joto nalo linachanganya watu, kwa sababu halihusu ukali wa cheche. Linahusu jinsi buji inavyoondoa joto lake yenyewe. Yenye pua ndefu ya kauri huhifadhi joto, ndiyo "ya moto". Yenye pua fupi hulipitisha haraka kwenye kulasi, ndiyo "ya baridi". Ncha inatakiwa ifanye kazi kati ya nyuzi 500 na 850 hivi za Selsiasi. Chini ya hapo masizi hayaungui yakaisha. Juu ya hapo ncha inawaka kama kaa na kuchoma esanse kabla cheche haijaruka, na pistoni zinatoboka kwa namna hiyo. Kwa NGK na Denso, namba ikipanda buji ni ya baridi zaidi, na 16 ya Denso inalingana na 5 ya NGK. Kwa Bosch na Champion ni kinyume, namba ikipanda ni ya moto zaidi. Ukihama kampuni, usihamishe namba kichwani. Tafuta jedwali la ulinganisho.

Mjadala na mzee jirani

Mzee jirani, ambaye mikono yake imepita kwenye Peugeot 504 zisizohesabika, alikuja kuangalia buji nilizozipanga ukutani.

"Mwanangu, weka ya moto zaidi. Huku juu hewa ni nyepesi, buji zinakula masizi."

"Ndiyo, mzee. Na zile 504 zilikuwa za kabureta?"

"Zote."

Kwa 504 zile mzee alikuwa na haki kabisa. Bukavu iko kwenye mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 15 ukilinganisha na pwani. Kabureta iliyopangwa kwa ajili ya pwani inaendelea kumimina esanse yake ileile, hewa imepungua, mchanganyiko unakuwa mzito na buji zinakuwa nyeusi. Lakini 4A-FE ina kihisi kinachopima mgandamizo ndani ya mirija ya hewa, na kompyuta inapunguza esanse kulingana nacho. Buji zangu tatu za kahawia ndizo ushahidi: kwenye urefu huuhuu, kwa namba 5, hazina masizi. Mzee alizishika moja moja, akazigeuza kwenye mwanga, akakubali.

Kijana mmoja alinishauri kinyume chake, niweke 6 zote nne kwa sababu vilima vinachemsha injini. Nimekataa. Safari zangu nyingi ni fupi, na foleni ni ndefu. Buji ya baridi katika maisha hayo haipati joto la kujisafisha.

(Jirani mwingine ameniuliza achague namba gani kwa Land Cruiser yake ya mazuti. Ndugu yangu, dizeli haina cheche. Buji zake ni za kupasha joto wakati wa kuwasha tu, na haya yote ninayoandika hayazihusu.)

Iridi au nikeli?

Kama metali ya ncha ya buji, iridi inavutia, na ina sababu. Inayeyuka kwenye nyuzi 2,446, nikeli kwenye 1,455, kwa hiyo ncha yake inaweza kufanywa nyembamba sana, hadi milimita 0.4 kwa baadhi ya Denso. Ncha nyembamba inahitaji volti kidogo kurusha cheche, na buji za namna hiyo zinaweza kufika kilomita 100,000, wakati za nikeli ni za kubadilisha kila 20,000 hivi.

Hata hivyo nimechukua nikeli. Gari hili liko kwenye matengenezo, nataka kuzifungua mara kwa mara nisome rangi, na kisima cha tatu bado kilikuwa kinavuja mafuta. Sioni faida ya kuweka kitu cha ghali mahali ambapo mafuta yanaweza kukiharibu. Siku injini itakapotulia nitaifikiria upya.

Sababu nyingine ni bandia. Seti ya kwanza niliyoletewa sokoni ilikuwa kwenye boksi zuri lenye jina kubwa, na muuzaji aliapa: "Papa, hii ni orijinali." Niliomba ruhusa ya kuzipima palepale. Pete ya kuziba ilizunguka na kutoka kwenye meno kwa vidole tu, wakati kwenye buji halisi imebanwa isitoke hivyo. Maandishi kwenye kauri yalichafuka nilipoyasugua kwa kucha. Na mita ya umeme ikamaliza ubishi. Buji yenye R inatakiwa kuonyesha takribani kiloomu 5 kutoka kichwani hadi ncha ya katikati. Hizi zilionyesha sifuri, hazikuwa na rezista yoyote. Nilizirudisha kwa heshima na kwenda duka jingine. K16R-U nilizonunua zilisoma kati ya kiloomu 4 na 6, zote nne.

Kuzifunga

Nilipima nafasi ya kila moja kwa vile vibamba vyembamba vya chuma, hata kama boksi linasema zimepangwa. Moja ilikuwa imebanwa kidogo safarini. Ncha ya chini ndiyo ya kukunja, taratibu. Ya katikati haiguswi, kauri yake hupasuka.

Nilizianzisha kwa kipande cha mpira wa esanse kilichovishwa kichwani mwa buji. Meno yakipishana, mpira unateleza wenyewe kabla hujaharibu kitu. Kisha ufunguo wa torki, nyutoni-mita 18. Asiye nao akaze kwa vidole mpaka pete iguse, halafu nusu zungu hadi theluthi mbili, basi. Sikupaka grisi kwenye meno. Yamekwisha kupakwa madini kiwandani, na grisi inakufanya ukaze kupita kiasi bila kuhisi.

Nilibadilisha buji peke yake kwanza, nikaacha nyaya za zamani zinazoleta umeme kwenye buji, ili nijue kila kitu kinachangia nini. Kupanda Kadutu kukawa bora zaidi, lakini mshtuko mdogo ulibaki. Nikapima nyaya. Kikomo cha Toyota ni kiloomu 25 kwa kila waya. Tatu zilikuwa chini sana ya hapo, wa silinda ya tatu ulivuka, na kofia yake ya mpira ilikuwa imelainika kwa mafuta. Nikaweka nyaya mpya kwa mpangilio wa kuwaka wa silinda, 1-3-4-2, mipira mipya ya visima, na kifuniko kikarudi kikiwa kikavu. Safari iliyofuata, watu wanne na gunia la makala (mkaa) nyuma, gia ya pili hadi juu, injini haikuyumba hata mara moja.

Buji ya tatu nitaifungua tena baada ya wiki chache nione kama pua imegeuka kahawia kama wenzake. Kabla ya hapo nataka kupima majira ya cheche: kuunganisha matundu ya TE1 na E1 kwenye kisanduku cha uchunguzi, ralanti ikiwa imetulia, na kuangalia kwa taa kama alama iko kwenye digrii 10. Taa naazima kwa mzee Jumamosi.