Nilivyozima seva bila kuua gemu

Kilichotuangusha ni ushauri. "Gemu isiyochezwa mtandaoni imekufa," tuliambiwa na kila mwenye beji ya kongamano kutoka Nairobi, nasi tukaitikia kama watoto wa chuoni. Kabla ya hapo studio yetu ya watu watano, chumba cha juu mtaani Langoni hapa Lamu, ilikuwa ikijilipa. Tulikuwa na gemu moja ya mbio za mashua. Tuliitengeneza kwa Godot, programu ya kutengenezea gemu, ambayo haina ada ya leseni. Akaunti ya Google Play ni dola 25 mara moja tu, kisha wakati huo Google ilikata asilimia 15 ya mauzo ya studio ndogo kama yetu.

Watu waliipendea tanga. Mwanzoni tulilifanya kitambaa cha fizikia, simu ikikokotoa kila mkunjo, na kwenye simu za RAM ya GB 2 likatetemeka kama lina homa. Tukalitupa, tukalipinda kwa hesabu ya sine tu, ile ya mawimbi: nukta za kwenye foromali, mti unaoshika tanga, zilipakwa nyeusi zisitikisike, za ukingoni nyekundu zitikisike. Nahodha mmoja wa Shela alipoliona alicheka. "Mwanangu, tanga likishiba halipepei. Hupepea likikosa upepo." Basi mtikisiko tukaufunga na pembe ya upepo, tanga likijaa, mtikisiko sifuri.

Halafu tukakodi seva, kompyuta ya mbali ya kuwaunganisha wachezaji mtandaoni. Inalipwa kwa dola kila mwezi, wachezaji wawe elfu au wanne, na shilingi ikiteleza bili inapanda yenyewe. Ubaya wenyewe ni kwamba mbio za moja kwa moja zinataka watu wawili saa ile ile: saa tano usiku mmoja yuko Mombasa anasubiri, mwenzake aliyekuwapo saa tatu amelala zamani. Nikaanza kukopa ili nilipe mishahara. Hapo ndipo pa kufunga. 38 Studios, kampuni ya gemu ya Marekani, ilikuwa na mkopo wa dola milioni 75 wenye dhamana ya jimbo la Rhode Island, na 2012 ikafilisika; mimi nina dhamana ya nani?

Kwanza nilisimamisha uuzaji wa sarafu za ndani ya gemu, ili asiwepo mwenye salio lisilotumika siku ya mwisho. Kisha nikagundua bomu: gemu ikifunguliwa huiuliza seva namba ya toleo, na husubiri jibu bila kikomo. Seva ikizimwa, kila simu ingeganda kwenye nembo. Toleo jipya likasubiri sekunde 3 tu, kisha likaendelea. Seva niliiacha hai miezi miwili zaidi, maana watu hawasasishi programu haraka, bando ni pesa.

Badala ya seva nikaleta kivuli. Simu inarekodi mashua yako mara 10 kwa sekunde: mashariki, kaskazini, na pembe ya omo, yaani mbele ya mashua inaelekea wapi. Namba tatu za baiti 2 kila moja, mbio za dakika 3, jumla baiti 10,800. Bahari yetu ni kilomita 2 kwa 2, kwa hiyo baiti 2 zinakupa usahihi wa sentimita 3 hivi. Faili hiyo unamtumia mwenzio kwa WhatsApp, naye anashindana na kivuli chako saa atakayo.

Jaribio la kwanza lilikuwa kichekesho. Skrini inachora mara 30 kwa sekunde, rekodi ni 10, kwa hiyo za katikati lazima ukisie. Nikachukua wastani. Mashua ikaenda vizuri mpaka ilipogusa kaskazini, ghafla ikageuka kusini na kurudi, kama iliyopagawa. Siku mbili nikalaumu simu! Kumbe digrii 359 na digrii 1, wastani wake wa kijinga ni 180. Dawa: toa pembe ya kwanza kwenye ya pili, tofauti ikizidi 180 punguza 360, ikiwa chini ya hasi 180 ongeza 360, ndipo ugawe na kujumlisha kwenye pembe ya kwanza.

Weka pia baiti moja ya toleo mwanzoni mwa faili. Ukibadili ramani bila hiyo, gemu haitavitambua vivuli vya zamani, navyo vitapita juu ya mchanga. Wizi upo, mtu anaweza kuhariri faili, sikuhangaika nao.

Meza tumeuza, madeni yamekwisha. Ufunguo wa kusaini gemu, faili ya siri inayothibitisha kuwa toleo jipya ni letu, uko kwenye flashi mbili, moja kashani kwa mama. Na mmoja wa wale wa beji alinipigia juzi kuuliza seva mpya tumekodi wapi, maana kijana wake kila jioni anashindana na mtu wa Pate.