Dang'a ndani ya saa 6 baada ya kuzaliwa: ndama wangu wameacha kukohoa

Misimu miwili mfululizo hapa Nachingwea nilizika ndama kwa homa ya mapafu. Wanahema kwa ubavu, makamasi mazito, masikio yameinama. Sindano za antibayotiki zilikuwa zinachelewa.

Kosa lilikuwa siku ya kwanza: nilikamua dang'a, yale maziwa ya kwanza ng'ombe akishazaa, nikaimwaga, nikidhani ni maziwa machafu. Kumbe ndama huzaliwa karibu bila kingamwili, maana kondo la ng'ombe haliziruhusu kupita. Anazipata kwenye dang'a tu, na baada ya saa 24 utumbo wake hauzipokei tena. Iliniuma sana kujua hilo.

Sasa ng'ombe akizaa hata usiku wa manane, naamka. Ndama wa kilo 20 anapata lita 2, kwa chupa asiponyonya. Banda nalo nimelitoboa madirisha. Harufu ya mkojo ilikuwa inachoma macho. Wanne wa masika haya wote wazima.