Tudor matope yanashuka, na sisi tunapiga picha za miche

Kati ya 1992 na 2009 hori ya Tudor, hapa Mombasa, ilipoteza karibu asilimia 87 ya mikoko yake. Soma tena hiyo namba. Siongelei Lamu wala nchi ya mbali, naongelea haya maji yanayopita chini ya daraja la Nyali yakazunguka mpaka Mikindani na Jomvu, maji ambayo wengi wetu tumeoga utotoni. Upande wa pili kule Mwache, nyuma ya Port Reitz, ilipotea kama asilimia 45 kwa miaka hiyohiyo. Utafiti wenyewe ulichapishwa 2014 na timu iliyokuwa na watu wa KMFRI, ile taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari na samaki iliyoko Mkomani, yaani ukitoka Mji wa Kale unavuka daraja tu umefika. Ni watu wa hapahapa, wanalipwa na kodi yetu, na walichokiona ni cha hapahapa, na bado ukiuliza mtaani hakuna anayejua.

Sababu wametaja na hakuna ya kushangaza kwa mtu wa Mombasa. Kuna ukataji wa boriti na kuni, kuna maji taka yanayoingia horini moja kwa moja, kuna mafuta yaliyomwagika Makupa 1988, halafu ikaja mvua ya El Niño ya 1997 na 1998 ikabeba udongo kutoka bara ikaumwaga juu ya mizizi. Mkoko unapumua kwa mizizi yake ya juu jamani, ukiifukia umeuziba pua, mti unakauka umesimama vilevile na watu wanadhani umekufa kwa uzee.

Lakini utafiti ulionikaa kichwani zaidi ni mwingine, wa Gazi, huko Kwale kabla hujafika Msambweni, pia wa 2014, ulioongozwa na Joseph Lang'at wa KMFRI. Hawa walijiuliza swali ambalo kila mkata boriti anajibu kirahisi: nikikata kidogo tu, sehemu ndogo, kuna ubaya gani? Wakachukua vipande vitano ndani ya msitu wa mkoko wenyewe, ule wenye mizizi ya magongo, wakaichuna miti ganda kuzunguka shina mpaka ikafa, halafu wakaikata. Vipande vingine vitano palepale hawakuvigusa. Kisha wakaanza kupima tope. Sio miti, tope.

Na namna inavyopimwa nimeipenda kwa sababu haina uchawi wowote, unapigilia fimbo ya chuma chini sana mpaka igome, juu yake unafunga mkono wa chuma wenye sindano ndefu, unazishusha taratibu moja moja mpaka zibusu uso wa tope, unaandika kila moja imebaki juu kiasi gani, unaenda zako, unarudi baada ya miezi unapima palepale. Kazi ya kuinama, mbu wa kutosha, na ukikanyaga vibaya karibu na sindano umeharibu kipimo chote.

Majibu sasa. Palipoachwa, tope lilipanda kama milimita 4 kwa mwaka. Palipokatwa, lilishuka milimita 32 kwa mwaka. Bahari duniani inapanda kwa kadri ya milimita 3 mpaka 4 kwa mwaka, kwahiyo msitu ulioachwa salama ulikuwa unapanda sambamba na bahari, unajijenga wenyewe bila simenti ya mtu, na ule uliokatwa unaizamia bahari inayokuja juu. Mizizi ikifa inaoza, nafasi iliyokuwa imeishika inabonyea kama godoro kuukuu, na hewa ukaa iliyokuwa imelala humo inaanza kutoka.

Nikamsimulia ami yangu, yeye amevua kamba na kaa Tudor tangu ujana wake, nikidhani namletea habari mpya. Akaniambia, "Mwanangu, hilo mbona twaliona. Pale walipokata zamani, maji ya bamvua sasa yafika mahali hayakuwa yakifika, na mizizi iliyosalia iko nje yaning'inia." Ndio maana nasema hawa watafiti na hawa wavuvi wanatakiwa wakae kwenye mkeka mmoja, kwa sababu wanaongea jambo moja, mmoja kwa milimita na mwingine kwa macho ya miaka yote ile.

Gazi nimefika. Ile njia ya mbao ya kina mama wa kijiji inakupitisha katikati ya mikoko, ukienda maji yametoka unaona kaa wakikimbilia mashimoni. Kuna kijana pale alituonyesha jinsi tope linavyotolewa ili kupimwa kaboni, ile ambayo mti umeivuta kutoka hewa ukaa: bomba la chuma lililowazi upande mmoja, unalisukuma chini kwa uzito wa mwili, unalizungusha, unalivuta na likija juu linatoa sauti ya kufyonza. Ndani yake kuna tope jeusi lenye harufu ya yai bovu, na ukilichana kwa kidole unakuta nyuzi za mizizi nyekundunyekundu hazijaoza, mpaka chini kabisa. Hapo ndio nilielewa. Kule chini hakuna hewa, kwahiyo jani na mzizi vinakaa miaka na miaka bila kuoza, na kaboni inakaa humo. Watafiti waliopima misitu ya mikoko ya Bahari Hindi na Pasifiki walipata wastani wa kama tani 1,000 za kaboni kwa hekta moja, na sehemu kubwa iko kwenye udongo, sio kwenye mti unaouona.

Sasa njoo kwenye kitu kinachoniuma. Tangu serikali itangaze ile mipango ya miti bilioni 15 kufikia 2032, kila wikendi kuna kundi limevaa fulana mpya linapanda mikoko sehemu fulani, na mimi sipingi kupanda, napinga kupanda ovyo halafu tunasema tumemaliza kazi. Kila aina ya mikoko ina mahali pake. Mlilana unakaa mbele unapigwa na mawimbi, nyuma yake mkoko, halafu muia na mkandaa, mchu unaweza hata kule juu kwenye chumvi kali ambapo maji yanafika kwa nadra. Ukichukua mbegu ndefu za mkoko kwa sababu ni rahisi kuchomeka ukazipanda safu safu kwenye tope tupu mbele ya bahari, zitapigwa na mawimbi, zitagandwa na vidudu vya baharini, zitakufa, na picha itabaki kwenye simu. Ufilipino walipanda kwa mamilioni ya pesa miaka mingi na ikaja kuonekana kwamba sehemu nyingi iliyopona ni asilimia 10 mpaka 20 tu. Na wakati sisi tunachomeka miche upande mmoja, upande wa pili usiku lori linamwaga kifusi juu ya mikoko mizima iliyosimama, ili kesho pawe kiwanja. Mche wa leo unahitaji miaka mingi sana kufikia kazi inayofanywa na mti uliokatwa jana, na tope lililoshuka halipandi kwa sababu umepanda mche.

Ndio maana Gazi wanastahili heshima zao. Kule walianza kwa kujua walicho nacho. KMFRI wamekuwa wakipanda na kupima pale tangu miaka ya tisini, James Kairo na wenzake, na kutokana na vipimo hivyo ndio ukazaliwa mradi wa Mikoko Pamoja 2013, hekta 117 zinazolindwa na wanakijiji wenyewe, kaboni waliyoihifadhi inauzwa kwa wanaotaka kufidia hewa chafu yao, na pesa inarudi kwenye maji ya kunywa na shule. Vanga nao wakafuata 2019, wao na Jimbo na Kiwegu, eneo kubwa zaidi. Bila lile bomba la tope na mtu wa kuinama kulisukuma hakuna mnunuzi angelipa hata shilingi, kwa sababu anayenunua anataka ushahidi.

Kwanini Tudor isiwe hivo? Najua mjini ni kugumu, kuna watu wengi, kuna njaa, wapika chang'aa wanataka kuni na maficho, kuna wenye viwanja. Lakini hii ni misitu ya serikali kwa sheria, ilitangazwa hifadhi tangu 1932 enzi ya mkoloni, kwahiyo mtu akikuonyesha karatasi ya kiwanja kilichokuwa mikoko, kwanza muulize ilitokaje kwenye msitu. Na kuna jambo moja zuri limetokea juzijuzi: Makupa, ile barabara ya tuta iliyokuwa imeyafunga maji kati ya Tudor na Port Reitz tangu enzi hizohizo, sasa kuna daraja tangu 2022, lililojengwa ili maji yapite tena. Maji yakipita mbegu zinapita nazo, na mahali ambapo udongo na mtiririko uko sawa mikoko inajipanda yenyewe bila fulana wala picha. Sharti tu pasiwe na kifusi.

Mpango wa taifa wa kusimamia mikoko ni wa 2017 mpaka 2027. Unaisha, na mwingine lazima uandikwe. Mimi nataka kwenye huo unaokuja Tudor na Mwache ziwe na vipimo vyao, fimbo za chuma zipigiliwe Junda na Mikindani kama zilivyopigiliwa Gazi, matokeo yabandikwe kwa Kiswahili kwenye bandari za wavuvi na ofisi za chifu, sio kubaki kwenye majarida ya Kiingereza tu. Kwahiyo kukiitishwa baraza la maoni wadi yako, nenda, na mpeleke mzee wenu anayevua, mwache aseme yeye kwanza. Na ukiona lori linarudi nyuma kuelekea mikokoni usiku, andika namba yake na saa, ripoti kwa watu wa misitu na wa mazingira, na ubaki na nakala.