Usiku wa nyota na wanafunzi: anza kwa kuchagua mwezi

Wengi huukwepa mwezi, ilhali kwa watoto ndio kivutio kikubwa. Panga tarehe kati ya siku ya 5 na ya 8 baada ya mwezi kuandama: vivuli huwa virefu pale nuru inapokutana na giza, na mashimo yake huonekana kama yamechimbwa jana. Mwezi mpevu hauna vivuli hivyo, tena hufifisha nyota.

Kinachoharibu usiku ni foleni. Watoto 30 kwa darubini moja, dakika moja kila mmoja, ni nusu saa ya kusimama tu. Afadhali 10 kwa darubini, na wanaosubiri waitafute Kilimia, kile kishada cha nyota, kwa macho, kama ni msimu wake. Tumia lenzi ya kutazamia ya milimita 25, si 6: namba ikipungua, ukuzaji huongezeka. Ukikuza mno, mzunguko wa dunia huitoa sayari kama Zohali nje ya duara unaloliona ndani ya dakika moja hivi. Weka kigoda, la sivyo mtoto mfupi ataning'inia kwenye bomba na kulisogeza.

Darubini zitolewe nje nusu saa mapema zipoe, ama sivyo picha itatetemeka. Tochi zifunikwe kwa karatasi nyekundu: simu moja ikiwaka, macho yatahitaji dakika 20 nyingine kuzoea giza.