Orofa Tatu za Halua na Kashata

Waliowateremsha sungura wetu kutoka darini walikuwa kunguru. Wiki nzima walitua juu ya kibanda, wanne watano kwa pamoja, wakidona waya na kuwatia kiwewe sungura wawili waliokuwamo, na kunguru wa Mombasa wanajulikana, hawadoni kwa mchezo. Tena ilikuwa Februari 2019, mabati ya kibanda ikifika saa nne asubuhi hayashikiki. Sungura hatoi jasho. Joto lake hulitoa kwa masikio na kwa kuhema haraka haraka, na nyuzi zikipita 28 hivi huanza kutaabika. Ukimkuta amefungua mdomo na pua imelowa, hapo ni kumlowesha masikio na kumtafuta daktari wa mifugo mbio. Ikaamuliwa Halua na Kashata wahamie ndani, kwenye ukumbi wa orofa ya pili wa nyumba yetu ya Mji wa Kale, karibu na dirisha linalopokea upepo wa bahari.

Ukumbi wenyewe mwembamba. Nafasi ya kuweka kizimba bila kuziba njia ilikuwa futi 4 kwa 2 tu, kwa hivyo hapakuwa na budi kwenda juu: orofa tatu. Fundi tuliyemwita, mzee aliyezoea kuunda vitanda na makabati, aliutazama mchoro akacheka. "Mwanangu, kitungule hapandi ngazi. Kitungule huruka." Nusu ya maneno yake ilikuwa kweli, na kwa ajili ya nusu hiyo tulirudia kazi siku nzima.

Vipimo vilitoka kwenye plaiwudi. Bao moja la futi 8 kwa 4, ukilikata msalaba, hutoa vipande vinne vya futi 4 kwa 2, yaani sakafu tatu na paa, na hakibaki kitu cha kutupa. Tulichukua ya milimita 18. Ya milimita 12 ni rahisi zaidi, lakini kwa upana huo hubonyea katikati, na palipobonyea ndipo mkojo unapotuama. Kutoka sakafu hadi sakafu tuliweka inchi 22, sungura wa kienyeji wa kilo mbili na kitu apate kusimama kwa miguu ya nyuma. Ongeza miguu ya inchi 6 chini, jumla ni futi 6 kamili. Mbao za saipresi za inchi 2 kwa 2 zilikwenda futi 90, pamoja na za kuharibikia. Za milango, 2 kwa 1, futi 50. Waya mita 8 wa upana wa futi 3.

Mwenye kuzijua ngazi za nyumba za Mji wa Kale hahitaji kuambiwa kwamba kabati la futi 6 halipandi humo likiwa zima. Nguzo nne na fremu nne zilikatwa na kutobolewa kichochoroni, zikapandishwa moja moja, kisha zikafungwa kwa boliti za milimita 8. Misumari ingekuwa haraka zaidi, lakini boliti hukazwa tena mbao zikikauka na kunywea. Zilinywea.

Wako watu hununua waya wa kuku, ule wa matundu ya pembe sita, kwa kuwa ni rahisi. Huo ni wa kumzuia kuku asitoke. Meno ya sungura hayaachi kukua maisha yake yote, na waya ule mwembamba huukata usiku mmoja. Tulitumia wavu wa waya uliochomelewa, wa matundu ya inchi moja, na inchi 8 za chini za kila orofa tukaongeza ule wa nusu inchi wa kuanikia kahawa, ambao madukani wanauita kofitrei. Muhimu ni upande unaoupigilia. Fundi alitaka kuupigilia nje, kama anavyofanya kwenye makabati ya jikoni. Tukamwomba aupigilie ndani, kwa sababu mbili: sungura akisukuma, waya huegemea mbao badala ya kung'oa misumari ya U; na mbao zikiwa nyuma ya waya, hazipati meno. Misumari ilikwenda kila baada ya inchi mbili na nusu, na ncha zote za waya zikafunikwa na vibao vyembamba. Ncha moja iliyosahaulika yatosha kutoboa jicho.

Vibao hivyo karibu vitutie hasara nyingine. Kijana wa fundi alileta paleti ya bure iliyotoka bandarini, pine safi iliyorandwa. Kabla ya kuipasua tukautazama ule muhuri uliochomwa ubavuni. Paleti za kusafirishia mizigo ng'ambo hupigwa alama: HT maana yake imetiwa joto, MB maana yake imefukizwa dawa ya methili bromaidi. Yetu ilisema MB. Ikarudishwa ilikotoka, mnyama anayetafuna kila kitu hajengewi kwa ubao wa dawa. Ndiyo sababu pia ya kukataa mbao za kijani kijani zilizotiwa dawa ya mchwa, hata muuzaji akikuapia kwamba dawa imeshakauka.

Siku ya tatu tukafika kwenye ngazi. Fundi alikuwa ametengeneza za inchi 28, pana inchi 10, na kwenye sakafu akatoboa tundu la mraba, 10 kwa 10. Zilipendeza. Halua alipanda nusu, kucha zikakwaruza ubao, akateleza kinyumenyume hadi chini. Kashata, aliyewekwa orofa ya kati, hata hakuijaribu: alichungulia tunduni akajitupa, inchi 22 moja kwa moja. Fundi akanitazama kama anayesema, si nilikwambia?

Basi kuruka huko ndiko kunakoua. Mgongo wa sungura ni mwepesi na miguu yake ya nyuma ina nguvu kuliko mifupa yake. Akitua vibaya au akipiga teke akiwa amebanwa, uti wa mgongo huvunjika. Ngazi lazima awe anaitaka mwenyewe, na ataitaka ikiwa imelala. Inchi 28 kwa kupanda 22 ni mwinuko wa nyuzi zaidi ya 50, huo ni wa paka. Tulikata mpya za inchi 40, mwinuko ukashuka hadi nyuzi 33 hivi, na badala ya kupaka mchanga na gundi tukapigilia vipago bapa vya nusu inchi, kila baada ya inchi 2. Kipago cha mviringo kidole huteleza, bapa hushika.

Hapo tukadhani tumemaliza. Halua akapanda vizuri hadi juu, kisha akakwama, mgongo umegusa ukingo wa tundu. Tulikuwa tumesahau hisabu ndogo kabisa: ngazi ikilala, nafasi kati yake na ukingo wa tundu nayo hupungua. Tundu lilelile la inchi 10, ambalo kwa ngazi ya wima liliacha nafasi ya karibu inchi 13, kwa ngazi iliyolala liliacha inchi 6 na nusu, na sungura akijikunja kupanda anataka 8 au 9. Tukalirefusha hadi inchi 17, nafasi ikawa 11. Kulirefusha kulimaanisha kung'oa ule ubao wa kukingama uliobeba plaiwudi na kuusogeza. Fundi aliweka msumeno chini, akanywa kahawa yake yote, ndipo akasema, "Hisabu hii ungenipa juzi."

Ngazi ya chini inapandia kulia na ya juu inapandia kushoto, ili anayeanguka asiporomoke orofa mbili. Ubavu mmoja umeshikana na waya wa nyuma bila mwanya, ubavu wa wazi una kikingo cha inchi 2. Mwanya wa inchi moja ndio mtego mbaya, mguu huingia na hautoki.

Sakafu sasa, kwa maana kizimba cha sungura hakiharibiwi na meno, huharibiwa na mkojo. Fundi alipaka vanishi mara mbili, tukaridhika. Siku ya tisa harufu ikaanza, na siku ya kumi Kashata alikuwa amelala orofa ya kati akidondokewa kichwani. Mkojo wa sungura ni mzito, una chokaa inayoacha ukoko mweupe, na hukojoa kona ileile kila siku. Vanishi ilishika vizuri juu ya uso wa plaiwudi. Mahali pa hatari ni pale ilipokatwa: matabaka yaliyo wazi hunywa kama utambi wa taa, huvimba, kisha huachana. Tulizivua sakafu zote, tukaziosha kwa siki, ambayo huyeyusha ule ukoko, tukazianika kwa feni siku mbili.

Dawa yake ilikuwa zulia la plastiki la kutandika sakafuni. Kila kipande kilikatwa kikizidi inchi 3 kila upande, kikakunjwa juu kwenye kibao cha kando mpaka sakafu ikawa sinia. Kona hazikukatwa, zilikunjwa kama bahasha, kwa sababu kona iliyokatwa na kuzibwa kwa gundi huachia siku moja, na utaijua kwa pua. Ncha za juu zikabanwa kwa pembe za alumini. Hizo si za urembo: sungura akipata ncha ya plastiki ya kung'ata ataimeza, na hana uwezo wa kutapika. Kwenye midomo ya matundu tukaziba kwa silikoni, na kwenye ile kona waliyoichagua wenyewe tukaweka beseni pana lenye magazeti chini na nyasi kavu juu. Vumbi la mbao hatukulitumia, hukaba mapafu.

Plastiki inateleza, na sungura anayeteleza miguu humpanuka, tena nyayo zake hazina nyama ya kukanyagia kama za paka. Bibi yetu ndiye aliyetoa jamvi kuukuu la miyaa. Lilikatwa vipande vitatu, akakaa nalo kizingitini akishona kingo upya, sindano ya magunia mkononi, akilalamika kwamba jamvi lililofanyiwa maulidi sasa linakwenda kukojolewa. Walilikojolea, na wakalila. Miyaa haiwadhuru, likiisha hutandikwa jingine.

Yaliyobaki yalikwenda upesi. Bawaba za chuma zilianza kutu kabla ya mwezi kwisha kwa chumvi ya bahari, tukazibadilisha kwa za shaba nyeupe. Milango miwili kati ya sita ilipinda, kwani saipresi ya dukani huuzwa mbichi. Ubao wa mshazari, kutoka kona ya chini ya bawaba hadi kona ya juu ya komeo, uliinyoosha. Miguu minne iliwekwa ndani ya makopo ya maji kuzuia chungu wasipande, na juu ya maji tone la mafuta ya kupikia. Maji matupu yangefuga mbu, na Mombasa homa ya denge tunaijua. Orofa ya chini ikapata vigae viwili vya kulalia mchana na chupa ya maji yaliyogandishwa, imefungwa kitambaa. Kipimajoto kilionyesha orofa ya juu ina joto zaidi kwa nyuzi mbili tatu, kwa hivyo maji na majani yaliwekwa chini na kati. Asubuhi na jioni walifunguliwa wakimbie ukumbini, kwani hata orofa tatu ni ndogo kwa sungura.

Kila tundu lilikuwa na kifuniko cha kofitrei kinachoteleza kwenye mifereji miwili ya mbao. Tulivitengeneza kwa ajili ya usafi: unamfungia sungura orofa moja, unasugua nyingine. Mwisho wa Machi kazi yake ikabadilika. Muuzaji alikuwa ameapa kwamba wote wawili ni majike, na wakiwa na miezi miwili ni rahisi kukosea, hata kwa mwenye kujua. Asubuhi moja Halua alionekana juu ya mgongo wa Kashata, na alipogeuzwa, korodani zilikuwa wazi kabisa.

Vifuniko vyote viwili vilisukumwa siku ileile. Kimoja hakikutosha, dume hurusha mkojo na ungepita kwenye waya. Orofa ya kati ikawa ghala ya nyasi kavu, katikati yao. Tulihesabu siku 31 za mimba. Kashata akapewa sanduku la kuzalia chini, inchi 18 kwa 12, mbele limekatwa chini awe anaingia bila kuruka. Ngazi yake ya inchi 40 tuliifungua, watoto wasije wakapanda na kuanguka. Siku ya 29 alikuwa akibeba nyasi mdomoni na kujinyofoa manyoya ya tumbo. Juu, Halua alikuwa amelala kifudifudi, kidevu juu ya kofitrei, akitazama chini.