Lita moja ya hewa ya Tabora

Kidato cha tatu wakishaanza moli, yaani fungu la molekuli 6.022 × 10²³, wanaikariri 22.4, idadi ya lita za moli moja ya gesi, kama sala. Swali likitaja gesi tu, tayari wameshagawanya. Jambo hili linaniuma, maana namba hiyo ni ya gesi iliyo kwenye nyuzi joto 0 na mgandamizo wa kilopaskali 101.3, yaani ule wa usawa wa bahari. Sisi Tabora hatuna baridi hiyo wala bahari.

Mwanasayansi Avogadro wa Italia mwaka 1811 alisema gesi zenye ujazo sawa zina idadi sawa ya molekuli, *zikiwa na halijoto ileile na mgandamizo uleule*. Hapo penye sharti ndipo wengi wanaruka.

Basi chukua chupa ya maji ya lita moja iliyokwisha, ifunge mchana hapa Isevya, nyuzi 27. Ongeza 273, unapata kelvini 300. Mgandamizo je? Binti mmoja darasani alinionyesha simu, programu ya hali ya hewa imeandika Tabora hektopaskali 1014, yaani kilopaskali 101.4. "Mwalimu, si ni ileile ya baharini?" Swali zuri mno! Wataalamu wa hali ya hewa huubadilisha mgandamizo uwe kana kwamba kila mji uko usawa wa bahari, ili Tabora na Dar zilinganishwe kwenye ramani moja. Mji wetu uko kama mita 1,200 juu, na hewa inayotugusa kweli ina takriban kilopaskali 88. Simu yenye kihisi chake cha mgandamizo itakupa karibu hektopaskali 880, siyo 1014.

Sasa pV = nRT: p ni mgandamizo, V ujazo, n idadi ya moli, R namba isiyobadilika 8.314, T joto kwa kelvini. Zidisha 88 kwa lita 1, gawanya kwa 8.314 mara 300: moli 0.0353. Zidisha kwa 6.022 × 10²³, unapata molekuli kama 2.13 × 10²². Aliyekimbilia 22.4 atapata 2.69 × 10²². Jibu lake limepita lile la kweli kwa zaidi ya robo, na hizo molekuli za ziada hazimo kwenye chupa.

Chupa hiyohiyo iliyofungwa, ipande treni hadi Kigoma. Ziwa Tanganyika liko mita 773 hivi, mgandamizo unakaribia kilopaskali 92.5, kwa hiyo mbavu za chupa zitabonyea kidogo. Ujazo umepungua, ila molekuli ni zilezile 2.13 × 10²². Ukiifungua pale stesheni na joto ni lilelile, nyingine zitaingia mpaka zifike kama 2.23 × 10²². Wanangu wa kidato cha tatu, hiyo ya mwisho ihesabuni wenyewe, muoneshe njia.